Fire of Love: moto tumeuona, barafu je?

Kama hujaitazama Fire of Love, filamu ya Sara Dosa ya mwaka 2022, itafute. Inawahusu Katia na Maurice Krafft, mke na mume wataalamu wa volkano kutoka Ufaransa, na picha nyingi walipiga wenyewe. Ni filamu nzuri, sibishi. Lakini ukimaliza kuitazama, unachokumbuka ni lava. Hapo ndipo nina ugomvi nayo.

Hebu twende Nevado del Ruiz, nchini Kolombia. Mlima huu una zaidi ya mita 5,300, na ingawa uko karibu na ikweta, kilele chake kimefunikwa na barafu. Tarehe 13 Novemba 1985 ulilipuka, tena si mlipuko mkubwa. Majivu na gesi za moto viliyeyusha takriban sehemu moja tu ya kumi ya barafu ile. Maji yakateremka mabondeni yakizoa udongo na mawe, yakawa tope zito kama zege bichi. Wanajiolojia huliita lahari. Baada ya saa mbili na nusu hivi likaufikia mji wa Armero, zaidi ya kilomita 40 kutoka kreta. Walikufa watu wapatao 23,000. Lava haikumgusa hata mmoja.

Filamu inatupeleka Armero, na uchungu wa Katia na Maurice unauona. Ila ni kwa dakika chache, halafu moto unarudi. Mimi ningekaa pale zaidi. Saa mbili na nusu zinatosha mtu kupanda kilimani kwa miguu! Ramani ya hatari ilikuwa imeshatolewa mwezi mmoja kabla, na Armero ilikuwemo. Sayansi ilikuwepo, haikuwafikia watu kwa namna ya kuwaondoa.

Akina Krafft walilielewa hilo. Walitengeneza video ya kueleza hatari za volkano, na mwaka 1991 ikaonyeshwa Ufilipino kabla ya Pinatubo kulipuka tarehe 15 Juni. Ilisaidia kuwashawishi viongozi wahamishe watu. Wenyewe walishafariki tarehe 3 Juni, kwenye volkano ya Unzen, Japani. Kwangu mimi, video ile ndiyo kazi yao kubwa kuliko picha zote za lava.

Kwa hiyo siku ukibahatika kupanda volkano yenye barafu, piga picha, ndiyo. Kisha geuka uangalie bonde, ujiulize: mto ule unapita kwa nani?