Daftari la Geneva na Ulimi wa Shahidi

Hazina ya serikali ya Marekani ina mlango mmoja, na ufunguo wake umo mikononi mwa wawakilishi wa watu. Ndivyo katiba ya nchi ile ilivyoandika, kwamba fedha isitoke ila kwa idhini ya sheria. Mlango huo ulizungukwa katika miaka ya 1985 na 1986, maofisa wa Baraza la Usalama wa Taifa la Rais Reagan walipoiuzia Iran kwa siri makombora ya kupigia vifaru na vipuri vya makombora ya kutungulia ndege, kisha sehemu ya faida wakaielekeza kwa Contra, waasi wa Nikaragua, ambao Bunge lilikuwa limekwisha kuwanyima msaada wa kijeshi kwa sheria ya mwaka 1984. Habari za kashfa ile zimesimuliwa sana. Ninalotaka kulipima hapa ni namna Bunge lilivyoichunguza, maana katika kazi hiyo mna fundisho kwa kila baraza lenye kuitaka serikali yake hesabu.

Siri ilivuja kwa matundu mawili. Tarehe 5 Oktoba 1986 ndege ya mizigo iliyowapelekea Contra silaha ilitunguliwa Nikaragua, na Mmarekani mmoja akatekwa akiwa hai. Tarehe 3 Novemba jarida la Ash-Shiraa la Beirut likatangaza safari ya siri ya wajumbe wa Marekani mjini Tehran. Tarehe 25 Novemba Mwanasheria Mkuu, Edwin Meese, akakiri hadharani kwamba fedha za Iran zilikuwa zimepelekwa kwa Contra. Lakini siku nne kabla ya kukiri huko, Luteni Kanali Oliver North, mmoja wa maofisa wale wa Baraza la Usalama, na katibu wake walikuwa wakizisaga nyaraka kwa mashine, na Admeri John Poindexter, mshauri wa usalama, akairarua hati ambayo Rais alikuwa ametia sahihi yake kuidhinisha mauzo.

Baraza la Senati na Baraza la Wawakilishi kila moja likaunda kamati yake, ya kwanza chini ya Daniel Inouye, ya pili chini ya Lee Hamilton, nazo zikakubaliana kusikiliza mashahidi pamoja, tangu Mei hadi mwanzo wa Agosti 1987. Kamati zilipitia nyaraka zaidi ya 300,000 na kuwahoji watu zaidi ya 500. Karatasi iliyosagwa hairudi. Lakini barua ambazo maofisa walizifuta katika kompyuta zao zilikuwa zimebaki katika kanda za akiba, wala wenyewe hawakujua, na kutokana nazo ikapatikana ithibati ambayo hakuna ulimi uliokuwa tayari kuitoa.

Ustadi mkubwa zaidi ulionekana katika hesabu. Biashara ilipitishwa katika akaunti za Uswisi, chini ya makampuni ya jina tu, kama Lake Resources, na aliyesimamia fedha zake alikuwa Albert Hakim. Kamati zilimpa kinga, naye akatoa madaftari. Wahasibu wakaketi nayo, ingizo kwa ingizo, hata ikadhihirika kwamba mtandao ule ulipokea karibu dola milioni 48, kwamba mauzo ya Iran yalizaa ziada ya dola milioni 16.1, na kwamba zisizopungua milioni 3.8 katika hizo ziliwafikia Contra. Hata dola milioni 10 alizotoa Sultani wa Brunei zilijulikana zilikopotelea: tarakimu za akaunti zilikuwa zimepinduana katika kuandikwa, na fedha zikaingia kwa mtu asiyehusika kabisa. Daftari halina hofu, wala halitetei bwana wake.

Kinga iliyonunua daftari ilikuwa biashara njema. Kinga iliyonunua maneno ilikuwa ghali mno. Sheria ya Marekani humruhusu shahidi kunyamaza asije akajitia hatiani. Bunge likitaka aseme, humwahidi kwamba maneno yake hayatatumika dhidi yake mahakamani. North na Poindexter walipewa ahadi hiyo, na North akanena kwa siku sita mbele ya taifa zima lililokuwa likimtazama katika televisheni. Mwendesha mashtaka maalumu, Lawrence Walsh, alikuwa amewaonya wabunge, naye akaufunga kwa lakiri ushahidi alioukusanya kabla, ili ijulikane kwamba haukutokana na kikao. Haikufaa kitu. North alitiwa hatiani mwaka 1989 na Poindexter mwaka 1990, lakini mahakama ya rufani ikatengua hukumu zote mbili, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba mashahidi wa kesi hawakuathiriwa na yale yaliyosemwa chini ya kinga.

Haraka nayo ilidai fungu lake. Kamati zilijiwekea mwisho wa kazi, zikatoa ripoti Novemba 1987. Na ilikuwa mwaka 1991 ndipo watu wa Walsh walipoyakuta katika Maktaba ya Bunge maandishi ya mkono ya Caspar Weinberger, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, maelfu ya kurasa, yakieleza mengi ya mikutano ile. Weinberger alishtakiwa, lakini mkesha wa Krismasi ya 1992 Rais Bush akamsamehe yeye na wengine watano, kabla kesi yake haijasikilizwa.

Hukumu yangu ni hii: Bunge lile lilishinda kila lilipofuata karatasi na fedha kwa subira, na likashindwa lilipoharakia kusikia. Basi baraza lolote litakaloichunguza serikali yake lianze na daftari, limwite shahidi baadaye, wala lisitoe kinga kwa ajili ya maneno ambayo karatasi, zikingojwa, zingeyasema zenyewe.