Utangulizi Unaohamishika: Swali la Anwani katika Utengano

Riwaya ya Utengano (1980) ilipokuwa kitabu teule katika shule za upili nchini Kenya, swali la ufaafu wa anwani lilizoeleka mno. Mtahiniwa aliyekariri huanza hivi:

"Utengano ni riwaya iliyoandikwa na Said Ahmed Mohamed, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa Pemba mwaka wa 1947. Anwani ni jina la kitabu. Anwani hii inafaa kwa sababu mbalimbali kama zifuatazo."

Sarufi ni safi, wala hakuna uwongo. Lakini mwalimu, hebu badilisha jina la kitabu na la mwandishi: aya hii yafaa riwaya yoyote! Utangulizi unaohamishika hivyo haujajibu swali. Wasifu wa mwandishi haukuulizwa. Nayo "sababu mbalimbali" ni kauli ya mtu ambaye bado hajaamua atasema nini.

Mtahiniwa na ajiulize kwanza: ni nani anatengwa na nani, na kwa nini? Bwana Maksuudi anamtawisha bintiye Maimuna, asiujue ulimwengu wa nje. Anamtaliki mkewe, Tamima. Hatimaye Maimuna anaitoroka nyumba yenyewe. Akiyaweka haya pamoja, ataona kwamba matukio hayo yana uhusiano, na ataweza kuandika:

"Ukuta anaoujenga Maksuudi ili kuilinda heshima ya nyumba yake ndio unaoibomoa nyumba hiyo. Anwani Utengano inafaa kwa kuwa inabeba mambo mawili: kutengwa kwa wanawake na ulimwengu, na kutengana kwa familia kunakotokana na kutengwa huko."

Sentensi mbili tu, lakini zimetoa hoja inayoweza hata kupingwa. Aya zinazofuata sasa zina kazi: kutawishwa, talaka, kutoroka, kila moja ikirejelea ukuta ule. (Wanaosisitiza jina la mwandishi litajwe, nawakubalia, maneno matatu hayadhuru.)

Karatasi ya tatu ya KCSE ina maswali manne ya kujibiwa kwa saa mbili na nusu, yaani takriban dakika 37 kwa kila swali. Ndiyo maana nawashauri watahiniwa waorodheshe hoja kwanza kwa dakika tano, ndipo waandike utangulizi. Wakishamaliza, waurudie. Mara nyingi hoja nzito kuliko zote imejificha katika aya ya mwisho. Sentensi moja iliyoachiwa nafasi huko juu hutosha kuitangaza.