Mwandishi na Lawama

Jina la mwandishi halijengwi na sifa peke yake. Lawama nayo ina fungu lake. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, kitabu cha mashairi ambayo mengi yake hayakufuata vina wala mizani. Watetezi wa kanuni za kale walikasirika, wakasema kwamba maandishi yale si mashairi.

Kezilahabi hakuiacha njia yake. Alieleza kuwa alitaka ushairi utumie lugha ya watu ya kila siku, kisha akaendelea na kazi. Karibu Ndani kilifuata mwaka 1988, na Dhifa mwaka 2008. Leo shairi huru la Kiswahili ni shida kulitaja bila kumtaja yeye.

Je, wakosoaji wake hawakuwa na haki yo yote? Walikuwa nayo. Vina na mizani hulisaidia shairi kuimbika, likakaa moyoni hata mwa mtu asiyejua kusoma. Shairi huru huipoteza neema hiyo kwa urahisi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kisichoimbika hakiwezi kuwa shairi.

Basi, ewe kijana, insha yako ikirudi imejaa wino mwekundu, usiichane. Ipime kila lawama: iliyo ya kweli ikufunze, iliyo ya chuki ipite. Kubishana na kila mlaumu hakumalizi ubishi. Jibu la mwandishi ni kitabu chake kifuatacho.