Tonto Si Mvinyo

Katika kurasa hizi aghalabu twahakiki vitabu. Mara hii tumehakiki kibuyu. Tulialikwa pamoja na wageni wengine kutoka Wandegeya, pale chini ya kilima cha Makerere, twende shambani ng'ambo ya Bombo, kwa familia moja itengenezayo kinywaji cha ndizi, ili tuonje na kula chakula cha Kiganda. Karatasi ya mwaliko ilisema: "Kuonja mvinyo wa ndizi." Kinywaji hatuna ugomvi nacho. Ugomvi wetu ni na neno hilo.

Natueleze kwanza kitu chenyewe. Ndizi za kayinja, zisizofaa kupikwa, hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba, hata ziive kwa siku kadhaa. Kisha humenywa, zikatiwa katika mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, zikakanyagwa kwa miguu. Ndiyo maana Waganda huiita pia mwenge bigere, yaani pombe ya miguu. Maji yanayochujika ni matamu kama asali. Hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa, na baada ya siku moja au mbili tonto iko tayari. Siku chache baadaye haifai tena. Haiwekwi ghalani ikazeeka, wala haina mwaka wa kujivunia.

Basi mgeni aliyeahidiwa mvinyo atakuta nini? Atakuta rangi ya tope, harufu ya moshi, punje za mtama midomoni na uchachu unaouma kidogo. Atadhani imeharibika, ilhali hizo ndizo sifa zake. Wageni wenzetu, kwa adabu, walisema "tamu" kila kibuyu kilipopita, na hapo ndipo tuliposikitika kama walimu. Kiswahili kina ukakasi, kina ugwadu, kina chapwa na dufu. Kibuyu cha kwanza kilikuwa na utamu wa togwa, cha pili kilikuwa na ukakasi mwembamba wa nyasi, nacho, kwa maoni yetu, ndicho kilichokuwa bora. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana wa nyumba ile alikwisha kutuuliza kama sukari ya dukani ingeifanya tonto ikae chupani mwezi mzima, maana wageni wa mvinyo hupenda chupa.

Twajua kwa nini watu hulikimbilia neno mvinyo, tulilolipata kwa Wareno. Pombe limechafuliwa na walevi. Mwenge nalo lina matata yake: mwalimu anayesimulia darasani Kampala jinsi Mwenge wa Uhuru ulivyowashwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961 anakijua vizuri kicheko kinachofuata. Lakini je, Wachaga waliona haya? Mbege yao ya ndizi na ulezi inaitwa mbege hata na mtu wa Lindi, na lubisi ya Bukoba ni lubisi. Dodoma, ambako zabibu hulimwa kweli, divai ina haki ya kuitwa divai. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, mtoto wa Luweero atakisoma Kiswahili akiwa na majina ya Kiganda ya matooke ya kupika, gonja ya kuchoma, bogoya ya kula mbivu na mbidde za pombe. Tukimpa neno moja tu, ndizi, kisha tukamwambia kwamba babu yake hutengeneza mvinyo, tutakuwa tumemfundisha kusema uongo kwa ufasaha.

Kuhusu chakula tuna neno moja la lawama. Matooke yalikuwa laini, na mchuzi wa karanga haukuwa na kasoro. Luwombo ya kuku, ambayo husimuliwa kuwa ilibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887, ilifunguliwa jikoni ikaletwa kwenye sahani. Huko ni kumnyima mlaji nusu ya chakula: jani hufunguliwa mbele yake, mvuke umpige usoni kwanza. Nadhani waandalizi walihofia wageni wangeungua vidole.

Mwenye nyumba, mzee mpole, alitutembeza shambani baada ya kula. Mnyauko wa migomba, ulioripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, huishambulia kayinja kuliko ndizi nyingi nyingine, kwa kuwa wadudu huupeleka hadi kwenye maua yake. Alituonyesha mahali alipokata na kuzika mashina, na safu mpya ya matooke aliyopanda hapo, kwa sababu matooke yana soko. Kayinja zilizosalia zilikuwa upande wa bondeni, nazo alizikata maua ya kiume moja moja kwa kijiti chenye panda ili ugonjwa usiingie. Karatasi ya mwaliko itakapochapwa tena, twaomba kazi hiyo itajwe humo, na jina la tonto liandikwe kwa herufi kubwa.