Sifa za Faili la Mistari Mitano

Miongoni mwa sanaa zisizopata mtunzi wa kuzisifu, mojawapo ni hii ya kuandika faili dogo la maandishi matupu ambalo, likiisha kuwekwa mahali pake katika kompyuta ya Linux, huonekana kwenye menyu kwa sura ya ikoni, na ikoni hiyo ikibofywa humfikisha mtu moja kwa moja katika kurasa za ndani za kivinjari, zile zisizotoka katika intaneti bali zilizozaliwa pamoja na kivinjari chenyewe. Wengi watumiao Firefox usiku na mchana hawajapata kuziona. Iko about:config, iliyosheheni mipangilio ambayo menyu ya kawaida haiitaji kabisa. Iko about:memory, ibainishayo kumbukumbu ya kompyuta imetumika wapi na kwa kiasi gani. Na iko about:support, ambayo fundi amsaidiaye mtu aliye mbali huiulizia kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa imekusanya pamoja toleo la kivinjari, habari za kadi ya picha na orodha ya viongezi. Upo hata ukurasa wa mzaha, about:robots, ambamo maroboti huwalaki wanadamu. Huo sioni haja ya kuuwekea ikoni, wala simlaumu atakayeuwekea.

Faili lenyewe jina lake huishia na .desktop, na makazi yake kwa mtumiaji mmoja ni ~/.local/share/applications. Mstari wa kwanza ni [Desktop Entry]; wa pili, Type=Application; wa tatu, Name=Hali ya Kivinjari; wa nne, Exec=firefox about:support; wa tano, Icon=firefox. Basi, kazi imekwisha. Ikiwa kivinjari kimekwisha kufunguliwa, amri hiyo haianzishi kingine, bali hukiarifu kile kilichopo, nacho kikaufungua ukurasa katika kichupo kipya. Walakini mstari wa nne unataka hadhari, maana hausomwi kama isomwavyo amri iliyoandikwa katika terminali: alama ya ~ isimamayo badala ya folda ya mtumiaji haifasiriwi humo, na alama ya asilimia, ambayo ina kazi yake maalumu, sharti iandikwe mara mbili endapo mtu anaikusudia yenyewe. Mwenye shaka na alivyoandika ataendesha desktop-file-validate, nayo itamwonyesha kosa lilipo, bila ya kumsuta.

Utaratibu huu haukushuka tu kutoka mbinguni. Miradi ya eneo-kazi la Linux, yaani KDE, ulioanzishwa mwaka 1996, na GNOME, ulioufuata mwaka 1997, kila mmoja ulikuwa na desturi zake, hata mtunzi wa programu Havoc Pennington alipoasisi freedesktop.org mwaka 2000, ndipo pande hizo mbili zilipopata mahali pa kukubaliana, na faili moja likaweza kutumika kwa wote. Wala hawakuzisahau lugha: mtu akiongeza mstari uanzao na Name[sw], kompyuta iliyowekwa Kiswahili italionyesha jina la Kiswahili, jambo ambalo bila shaka liliwafaa wenzetu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa OpenOffice ya Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Lakini linalonivutia zaidi ni adabu iliyofichika katika jambo hili. Tovuti yoyote ile, hata iwe mashuhuri namna gani, hairuhusiwi na Firefox kuweka kiungo cha kumpeleka msomaji about:config. Itapokewa barazani kwa heshima zote, ila vyumba vya ndani haiviingii. Amri itokayo kwenye eneo-kazi ni neno la mwenye nyumba, naye haulizwi aendako. Chromium, kivinjari kingine, ni mkali zaidi, na aghalabu anwani zake zianzazo na chrome:// hukataa kufunguliwa kwa amri ya nje, hata kama aliyeamuru ni mwenyewe. Najua watengenezaji wake wanahofia programu chafu zijifanyazo mtumiaji, na hofu yao ina msingi. Hata hivyo, moyo wangu u pamoja na Firefox, kwani mtu asiyeaminiwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe ataaminiwa wapi?

Atakaye umaridadi zaidi hahitaji ikoni nyingi. Na alinakili faili la Firefox kutoka /usr/share/applications, aliweke katika folda yake kwa jina lile lile, kisha aongeze mstari wa Actions na, chini yake, kifungu cha [Desktop Action] kwa kila ukurasa autakao. Akibofya ikoni kwa kitufe cha kulia, kurasa zote zitajipanga mbele yake. Toleo jipya la kivinjari likija, litaandika upya faili la mfumo, na la kwake halitaguswa.