Hongereni Walishaji wa Watoto wa Moyo

Mtoto mchanga ambaye moyo wake umeshindwa kazi hunyonya kidogo, akahema, akatokwa jasho kwenye paji la uso, kisha akasinzia kabla hajashiba. Na ni huyohuyo anayehitaji chakula zaidi ya wenzake, hata kilokalori 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku!

Ndiyo maana nawavulia kofia wauguzi na maofisa lishe wa wodi za watoto wenye maradhi ya moyo, hospitalini Muhimbili na kwingineko. Humwelekeza mama kukamua maziwa, huyapitisha polepole kwenye mpira wa puani kila baada ya saa 2 au 3, usiku kucha, na uzito hupimwa kila mara. Mtoto aliyeongezeka uzito huhimili upasuaji vizuri zaidi.

Mzazi, mwanao akitokwa jasho anaponyonya, mpeleke hospitali mapema.