Mnyama wa Njano Aliyefundishwa Kuongea

Kuna katuni ukizirudia ukiwa mtu mzima unaona mahesabu ya biashara yakipita nyuma ya rangi. Raw Toonage ni mojawapo, na bado naipenda nusu yake.

Disney waliirusha huko Marekani kwenye CBS, Jumamosi asubuhi, kuanzia Septemba 1992. Kufikia Desemba vipindi vipya vilikuwa vimeisha. Vilikuwa 12 tu, basi. Kila wiki mwenyeji alibadilika, leo Scrooge McDuck, wiki nyingine Goofy, na katikati vipande vifupi vikipokezana: Bonkers, Marsupilami, na mizaha ya Totally Tasteless Video, ambayo sina la kusema juu yake.

Bonkers ni paka-mwitu, na ananichosha. Anakimbia, anaanguka, analipuka, anakimbia tena, kama msee anayeogopa akinyamaza sekunde mbili utabadilisha chaneli. Mwaka 1993 alipewa kipindi chake mwenyewe, na humo wakamfanya polisi: staa wa katuni ambaye kazi yake imekatwa, sasa anatafuta riziki kwingine. Hapo nakubali, walijicheka vizuri. Na vile vipande vya zamani vikarudishwa humo humo.

Lakini mimi nilimjia Marsupilami. Huyu hakuzaliwa Hollywood. Alichorwa na Mbelgiji André Franquin, akatokea mara ya kwanza mwaka 1952 katika jarida la Spirou: manyoya ya njano, madoa meusi, mkia mrefu ajabu ambao ni ngumi, kamba na springi kwa pamoja. Anaishi msitu wa Palombia, nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini. Na haongei. Anasema "houba", na hilo neno moja linabeba hasira, njaa, mapenzi, kila kitu. Kuna hadithi ambayo Franquin anatuonyesha kiota chake kana kwamba tunatazama filamu ya wanyamapori. Unatulia, unaangalia familia ikiishi. Hakuna anayekueleza ucheke wapi.

Disney wakampa mdomo. Katika Raw Toonage anapiga story bila kupumua, anatania, anajisifu, anakueleza unachokiona tayari. Manze, mkia wa aina hiyo halafu unaweka maneno juu yake? Kinachookoa vipande hivi ni Maurice, yule gorila rafiki yake, ambaye hazungumzi. Ndiye aliyebaki na kile kimya cha Franquin. Wachoraji walijua kazi: angalia uso wa Maurice akingoja mambo yaharibike.

Sasa, katuni za kupokezana hivi zina faida yake. Dakika chache zinatosha kwa wazo moja, na likifeli, jingine linakuja. Shida ni pale kipande kinapokuwa sampuli ya duka. Marsupilami naye alipata kipindi chake mwaka 1993, nacho hakikukaa. Baada ya hapo akawekwa kabatini, huku haki za kumuuza zikiwa bado mikononi mwa Disney. Marsu B.V., kampuni iliyokuwa imewakabidhi haki hizo, iliwashtaki kwamba hawakumfanyia kazi waliyoahidi kwenye mkataba. Mahakamani ilijitokeza hadi barua ya ndani ya Disney iliyokiri kwamba hawakuwa na muda wala uwezo wa kumshughulikia inavyofaa. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliunga mkono hukumu iliyowaamuru walipe mamilioni ya dola. Franquin alikuwa amefariki miaka 2 kabla.

Watu huogopa kampuni kubwa itawaibia kazi. Hapa haikuibwa. Ilisainiwa, ikapakwa rangi, ikafundishwa kuongea, kisha ikasahauliwa, na hakuna mwingine katika soko lile aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku hizi nikivitazama vile vipande kwenye simu, nazima sauti. Mkia unaruka, Maurice anashangaa, na kwa dakika kadhaa hivi ni mnyama wa Franquin tena.